Vidukari kwenye sukuma: vibibi wa kuokota, wadudu wa kununua, au maua?

Mkulima wa Wakiso
Habari zenu wakubwa. Nina nusu eka ya sukuma wiki na mistari michache ya kunde. Vidukari wa kijivu, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wamejaa kwenye moyo wa sukuma, majani yanajikunja, na wateja sokoni wanageuza jani kabla ya kuuliza bei. Kila nikipuliza wanarudi. Nataka kutumia wadudu wanaowala. Naona njia tatu: kuokota vibibi (wale wekundu wenye madoa meusi) kwenye mahindi ya jirani, kuagiza wadudu wa kufugwa kutoka Kenya, au kupanda maua ili waje wenyewe. Ipi inalipa?

Nyigu Mdogo
Ya kuagiza ondoa. Huko Kenya wakulima wa maua wanatumia nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya kidukari, lakini ndani ya mabanda yaliyofungwa. Kwako ni shamba la wazi, utakuwa umewanunulia kijiji kizima. Halafu kuingiza mdudu hai kunataka kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe. Huo mzunguko si wa nusu eka.

Na huenda nyigu hao unao tayari. Geuza jani, tafuta vidukari waliovimba, wa rangi ya kahawia, wasiotikisika. Hao wamekwisha, ndani yao kuna mtoto wa nyigu anayekua. Ukiona kitundu cha duara mgongoni, ujue ameshatoka. Majani ya namna hiyo usiyachome.

Mama Kunde, Tororo
Kuokota kunafaa, ila si wakubwa. Kibibi mzima ana mbawa, ukimmwaga juani anakuaga. Chukua watoto wao: weusi, warefu, wenye madoa ya manjano au machungwa, wanatambaa kama mamba wadogo. Hawawezi kuruka, na mmoja anamaliza makumi ya vidukari kwa siku. Wahamishe jioni pamoja na kipande cha jani walichokalia, usiwashike kwa vidole. Mayai yao ni ya manjano, yamesimama kifungu chini ya jani. Watu wengi huyafuta wakidhani ni ya adui.

Kijana wa Mbale
Mama, na wale wenye madoa mengi kwenye maboga yangu?

Mama Kunde, Tororo
Hao wanakula majani, mwanangu! Tazama mgongo: haung'ai, una manyoya mafupi. Usimpelekee ndugu yetu balaa.

Mzee wa Soroti
Mnazungumza vibibi na sisimizi hamjamtaja. Kidukari anatoa maji matamu, sisimizi anayafuata, na kwa ajili hiyo anawafukuza vibibi na kuua watoto wao. Ukiona msafara unapanda shina, mwaga majivu makavu kuzunguka shina, na urudie mvua ikinyesha. Bila hilo hata ulete ndoo ya vibibi ni kazi bure.

Dawa nayo, kijana wangu, ndiyo inayokurudisha nyuma. Kidukari jike anazaa bila dume, na binti yake anaanza kuzaa baada ya kama wiki moja tu. Kibibi anahitaji karibu mwezi kutoka yai hadi utu uzima. Ukiua wote siku moja, nani atatangulia kurudi?

Kijana wa Mbale
Mzee, karanga zangu zimedumaa, majani ya manjano. Nazo niweke vibibi?

Mzee wa Soroti
Hiyo ni rozeti, ugonjwa wa karanga. Hapo vibibi sahau. Kidukari wa karanga analeta virusi, na hadi kibibi amkute ameshauchoma mmea. Panda mvua zinapoanza, panda kwa kubana ili ardhi ifunikwe upesi, ng'oa karanga zilizojiotea kutoka msimu uliopita. Na mbegu tafuta aina za Serenut zinazostahimili rozeti, zile za kituo cha utafiti cha Serere. Kwenye sukuma unaweza kuvumilia vidukari wachache, kwenye karanga mmoja mwenye virusi anatosha.

Mkulima wa Wakiso
Asanteni. Basi maua?

Nyigu Mdogo
Dania. Panda pembeni na uache sehemu itoe maua, usivune yote. Nzi wa maua, wenye milia kama nyuki, wanakuja kunywa, kisha wanataga katikati ya vidukari na mabuu yao wanakula. Ila dania inachukua wiki kadhaa kuchanua, kwa hiyo ni ya kitalu chako kijacho. Kwa sasa kata mioyo iliyojaa kupita kiasi, mingine ipige kwa maji ya nguvu, na maji ya sabuni weka pale tu ambapo hujaona watoto wa vibibi, maana sabuni haichagui.

Mkulima wa Wakiso
Na mteja akikuta huyo mamba kwenye jani?

Mama Kunde, Tororo
Vuna asubuhi, kung'uta kila jani juu ya mstari wenyewe ili wabaki shambani, ndipo uoshe. Mimi nauza hivyo.