Re: Kazi ya sapoti kwa kijana wa Kiaborijini mwenye kesi, ushauri jamani (Perth, Australia)

Kutoka: Dada wa Gosnells

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Leo siulizi habari za viza haha. Ajensi yangu wamenitoa kwa wazee wamenipeleka kwa kijana wa Kiaborijini, yaani wale wenyeji wa asili wa Australia, kwao ni Kimberley huko kaskazini ila anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, yuko nje kwa dhamana, kesi bado iko mahakama ya watoto. Kwenye faili wameandika FASD, yaani ubongo uliathirika na pombe akiwa tumboni, halafu na masikio hayasikii vizuri. Mimi nimepewa mafunzo ya onlaini kidogo na karatasi ya masharti ya dhamana, basi. Kijana haniangalii usoni, kila nikimwambia kitu anajibu "yeah" halafu hafanyi, juzi kachelewa kafyu shangazi kanipigia simu analia. Kuna mtu humu ameshafanya hii kazi? Nisije nikamrudisha ndani mtoto wa watu kwa kutojua.

Kutoka: Baba J, Armadale

Dada omba urudishwe kwa wazee. Hao vijana wanabembelezwa mno, mimi gari yangu ilivunjwa kioo usiku na polisi hawakufanya kitu. Sisi tumekula fimbo mbona tuko sawa.

Kutoka: Mama wa Midland

Baba J pole kwa kioo, lakini ya fimbo iache hapo hapo. Mtoto ambaye ubongo umeumia kabla hajazaliwa fimbo inamfundisha kuogopa fimbo tu, kesho anarudia lile lile kwa sababu kuunganisha "nilifanya hiki ndio maana nimepata kile" ndiko kwenyewe kulikoharibika. Mimi nimewahudumia hawa vijana upande wa afya, ya mtu sitasema, ila kuna utafiti ulitoka 2018 kuhusu Banksia Hill, jela ya watoto ya hapa Perth. Walipimwa vijana 99, wakakutwa 36 wana FASD, na karibu tisa katika kila kumi wana tatizo zito kwenye angalau sehemu moja ya ubongo, iwe kumbukumbu, lugha, kupanga mambo au kujizuia. Wengi wao Waaborijini, na wengi hakuna aliyewahi kuwapima wakiwa nje. Shule iliandika mkorofi, polisi wakaandika mkorofi, hakimu naye akaletewa faili la mkorofi.

Haya sasa dada nije kwako. Kutokukuangalia usoni si dharau. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulimkazia macho mjomba wako akikusema? Basi na huko kwao ni hivyo hivyo kwa familia nyingi, kuinamisha macho ni heshima, na kuna haya pia, wao wanaiita shame na inabana kuliko tunavyodhani, ukimkosoa mbele ya wenzake umempoteza wiki nzima.

Hiyo "yeah" nayo usiihesabu kama makubaliano hata siku moja. Inaweza kuwa nimekusikia, inaweza kuwa naomba uniache, inaweza kuwa sijasikia kabisa. Mwaka 1976 jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Northern Territory aliwawekea polisi utaratibu wa kuhoji Waaborijini, unaitwa Anunga Rules, na ndani yake kuna hili, usimuulize swali linalomtega jibu, na ukimweleza haki zake mwambie naye akueleze kwa maneno yake kama ameelewa. Karibu miaka 40 baadaye hapa hapa Western Australia (WA), Gene Gibson, kijana wa jangwani ambaye lugha yake ni Pintupi na ana shida ya uelewa, alikubali kosa la kuua bila kukusudia la Broome, akakaa ndani karibu miaka mitano mpaka mahakama ya rufaa ilipofuta hukumu 2017. Kwa hiyo wewe usiseme "umeelewa?" Sema "hebu nipangie wewe, leo jioni tunafanyaje?" Akishindwa kupanga, hajaelewa, rudia kwa kifupi, jambo moja moja.

Masikio: watoto wengi wa huko wanaumwa masikio tangu wachanga, usaha unatoka na kukauka na kutoka tena, mpaka kusikia kunapungua. Usiongee naye ukiwa unaendesha na redio imewashwa. Simama mbele yake, upande anaosikia, na muulize shangazi mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini, kuna kliniki za Waaborijini wenyewe wanapima na hawakusimangi.

Kafyu ya saa moja usiku kwake ni namba tu. Muwekee alamu mbili kwenye simu, ya kwanza ya kuaga wenzake, ya pili ya kuanza kutembea, na karatasi ya masharti muichore kwa picha mbandike kwenye friji. Kama sharti lenyewe haliwezekani, mfano ameambiwa asiingie mtaa ambao bibi yake anakaa, msikae nalo kimya wala msilivunje, mwambieni wakili aombe mahakama ilibadilishe. Linaombwa na linabadilishwa, watu hawajui tu.

Kutoka: Mzee wa Darwin

Mama wa Midland amemaliza, mimi naongeza moja tu kwa msisitizo. Akivunja sahani au akipiga ukuta ngumi, USIKIMBILIE simu ya polisi. Najua ajensi nyingine sera yao ni piga simu kwanza, mimi nilifanya kwenye nyumba moja ya vijana (sitaitaja), kila tofali likirushwa polisi, kila tusi polisi, kijana kaingia pale na kosa moja akatoka na makosa kumi na kitu, yote ya ndani ya nyumba iliyokuwa imelipwa kumtunza. Kama hakuna anayeumia toa watu chumbani, punguza kelele, kaa mbali kidogo, subiri. Soma mapema mpango wake wa tabia (yale maandishi ya namna ya kumsaidia akichafukwa) kama upo, na kama haupo uliza kwa barua pepe kwa nini haupo, iwe kwenye maandishi.

Na polisi wakimkamata asijibu maswali kabla wakili hajaongea naye, wewe si wakili usimshauri akubali wala akatae. Huko WA tangu 2019 polisi wakimshika Mwaborijini wanatakiwa kuwapigia Aboriginal Legal Service, mawakili wa Waaborijini, lakini nawe mjulishe shangazi apige, na muwaambie ana FASD na masikio maana polisi hawataiona kwa macho.

Huku kwetu NT (Northern Territory) umri wa kushtakiwa ulipanda ukawa 12 mwaka 2023, serikali ikabadilika, mwaka uliofuata ukarudishwa 10. Miaka kumi jamani, darasa la nne! Mimi ni Mkenya, sheria yetu ya watoto ya 2022 inasema 12, kwa mara moja naweza kujisifu mbele ya wazungu.

Kutoka: Mdau wa Footscray

Nafanya uratibu wa NDIS, ule mfuko wa serikali wa kulipia huduma za wenye ulemavu, Melbourne. Uliza kama kijana ana plani. Kama hana, huu ndio wakati, ripoti yoyote ya daktari iliyofanywa kwa ajili ya kesi inaweza kusaidia maombi, shangazi aombe nakala kwa wakili. Kama anayo na akarudishwa ndani, plani haifi, ila matunzo ya kila siku yanakuwa ya jela na NDIS wanabaki na vitu vichache, hasa maandalizi ya kutoka. Tatizo ndilo hapo, kijana anatoka Ijumaa jioni hana sapoti mpaka Jumatano, na siku hizo ndizo anakamatwa tena. NDIS wana maofisa wa kuunganisha na mambo ya magereza, koodineta wako awatafute mapema kabla ya tarehe ya kutoka.

Kutoka: Baba J, Armadale

Nimesoma yote. Hiyo ya 36 kati ya 99 sikuwa naijua. Kioo changu bado hakijalipwa lakini.

Kutoka: Dada wa Gosnells

Baba J 😂. Jamani asanteni, nimeprinti hii meseji nimeweka kwenye begi. Shangazi mtu wa maana sana ila nahisi kuna mambo nakosea naye, juzi nilitaja jina la yule kijana wa Unit 18 aliyefariki, akanyamaza akatoka nje. Halafu nikitaka kuongea mipango ya mtoto ananiambia subiri mpaka fulani aje, na huyo fulani si mzazi.

Kutoka: Mama wa Midland

Ile ya Unit 18 ni kitengo walichofungua ndani ya gereza la wakubwa la Casuarina, mtoto wa miaka 16 aliyekuwa amefungwa humo alifariki hospitalini 2023, wa kwanza kufa akiwa kwenye kizuizi cha vijana WA nzima. Kwa familia nyingi jina la marehemu halitajwi kwa muda, na kila familia ina namna yake, subiri wao walitaje. Msiba ukitokea kijana atataka kusafiri kwenda kwao hata wiki mbili, usione ni visingizio, mpigieni wakili siku hiyo hiyo mahakama imruhusu, akiondoka bila ruhusa wanahesabu amevunja dhamana.

Huyo "fulani" ndiye mwenye neno. Kwao kama kwetu, mjomba au bibi anaweza kuwa na sauti kuliko mama mzazi, subiri aje, chai iwepo, na wakubwa waite Uncle au Auntie kama unavyosikia wenzako wanaita. Na kwenye habari ya pombe usiingie kabisa na uso wa kuhukumu mama mtu. Wanawake wa Fitzroy Crossing, huko huko Kimberley, ndio waliopigania wenyewe pombe ibanwe mjini kwao 2007, halafu wakaleta watafiti wawapime watoto wao. Hawajasubiri sisi tuje kuwaambia.

Kutoka: Dada wa Gosnells

Sawa mama. Alhamisi ni mahakamani, naruhusiwa kuingia?

Kutoka: Mama wa Midland

Mahakama ya watoto si kila mtu anaingia, muulize wakili leo usingoje Alhamisi. Muombe pia amwambie hakimu aongee polepole na kijana akae anapomuona mdomo. Mfike mapema, ale kwanza, chukua maji na kitu cha kushika mkononi maana kusubiri kule ni masaa. Mkitoka, kabla hamjapanda gari, wakili amwelezee tena masharti mapya na wewe ukiwepo, uandike.