MJADALA: Stadi za hisia na za kuishi na watu ziwe kozi yenye mtihani chuoni?

Mtani wa Kachoma (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa pili ualimu, hapa Tabora mjini. Wenzetu wanapendekeza kila anayeingia mwaka wa kwanza asome kozi ya lazima ya stadi za kijamii na kihisia, yenye asainimenti na mtihani wa mwisho. Wanataja yale matano ya CASEL, taasisi ya Marekani iliyoanza 1994: kujitambua, kujidhibiti, kuwaelewa wengine, kuhusiana na watu, na kufanya uamuzi wa busara.

Stadi sizipingi. Napinga mtihani. Stadi za Mawasiliano si tunazo? Tulidesa, tukakariri "vikwazo vya mawasiliano", watu wakaondoka na A zao. Muhula huohuo kundi letu la watu kumi lilishindwa kumwambia mwenzetu mmoja kwamba hajawahi kuonekana kikaoni. Kazi tuliandika wawili, wengine nane tukawaandika majina. Siku ya kuwasilisha mhadhiri akamtaka yule mtoro aeleze ukurasa wa tatu. Akababaika, sisi tukacheka. Jioni akanifuata geto, na sauti ya kugonga mlango haikuwa ya mtu anayekuja kuomba radhi. Nilizima taa nikajikausha. Mwalimu mtarajiwa huyo! Nyie mnaonaje?

Binti Ujiji
Kaka, wewe una shida ya asainimenti, wapo wenye shida ya kuishi. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alipata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, hakumwambia mtu. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijaingia, akawa anasema amefunga, na haukuwa mwezi wa kufunga. Siku moja akapanda treni kurudi Kigoma, nyumbani akasema chuo kimefungwa mapema. Mimi nalala kitanda cha juu yake na sikujua lolote.
Unasema alama zisiwepo. Chuoni, kitu kisicho na alama hakiingii kwenye ratiba, na kisichokuwa kwenye ratiba hakina mhadhiri. Tutabaki na semina ya siku moja wiki ya kupokea wageni, watu wanasubiri soda.

Afande Msange
JKT ilishatunyoosha baada ya kidato cha sita. Hawa wa sasa ni kudekezwa tu.

Mtani wa Kachoma
Afande, kule uliambiwa nyamaza ukanyamaza. Dada anaongelea mtu aliyenyamaza mpaka akapanda treni.

Mwalimu Mstaafu, Uyui
Marahaba wanangu, maana naona hakuna aliyeniamkia.
Sisi Wanyamwezi haya tulijifunzia kwenye utani. Umefiwa, machozi hayajakauka, mtani anaingia msibani anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anakalia kaburi, anadai hazikwi mtu mpaka alipwe. Nawe kununa ni mwiko. Utatoa chochote, utacheka huku unalia. Mtoto aliona hayo mara nyingi kabla hayajamfika mwenyewe, na akikasirika wazee wanamvuta pembeni. Mtihani haukuwepo, lakini kurudia kulikuwepo, na wa kukusahihisha alikuwepo. Huyo wa kusahihisha ndiye simwoni kwenye pendekezo lenu, wala kwenye pingamizi lako, Mtani.

Mpenda Takwimu
Shikamoo mwalimu. Niongeze kidogo. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi uliounganisha programu 213 za aina hii, wanafunzi zaidi ya 270,000. Tabia ziliboreka na hata ufaulu ulipanda. Ila hao walikuwa wa chekechea hadi sekondari, kwa hiyo tusiwabebeshe watu wa miaka 22 matokeo ya watoto. Zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa na mpangilio wa hatua kwa hatua, mazoezi ya vitendo, na muda uliotengwa kwa ajili hiyo. Vitendo ni hoja ya Mtani. Muda uliotengwa ni hoja ya Binti Ujiji.

Mtani wa Kachoma
Mwalimu, shikamoo, na nimekubali kusahihishwa. Basi nalegeza kamba. Kati ya zile alama 40 za kazi za muhula, tano ziende kwenye namna kundi lilivyofanya kazi. Mhadhiri akae nasi kikao kimoja katikati ya muhula, amuulize kila mtu mbele ya wenzake: umefanya nini, na nani kakukwaza? Yule mtoro angesemwa mapema, nami nisingejifungia.

Binti Ujiji
Sawa, hapo hata mimi naunga mkono. Na mwenye sapu tatu? Huyo kikaoni atasema yuko salama, na kazi yake kaandika.

Mtani wa Kachoma
Hapo umenishika, dada. Alirudi lakini?

Binti Ujiji
Baada ya wiki mbili. Mama yake alimsindikiza mpaka stesheni akamkatia tiketi mwenyewe. Sapu mbili katoboa, moja anaibeba mwakani.