Mrejesho: bustani yangu ya Lodwar, miezi minane baadaye

Jamani, ni yule wa Lodwar, huku kwenye joto na ukame wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, niliyeuliza kwa nini sukumawiki zangu zinakauka hata nikimwagilia asubuhi na jioni. Mliniambia niache matuta, nichimbe mashimo nipande humo chini. Niliguna, maana shuleni tulifundishwa kuinua udongo, lakini nikachimba.

Sasa mboga ziko kwenye mashimo ya futi moja hivi, yenye samadi ya mbuzi na nyasi kavu juu. Katikati ya kila shimo nimefukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo ukabaki nje, nao nimeufunika kwa kigae. Maji yanapenya polepole, mizizi inayafuata. Zamani nilimaliza madumu manne ya lita 20 kwa siku. Sasa mawili, tena kwa siku mbili.

Kosa langu lilikuwa samadi mbichi. Mbuzi wa huku wanakula maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, na mbegu zake hupita tumboni zikiwa nzima. Wiki mbili tu, mathenge ikaota kuliko mchicha! Miiba yake mnaijua. Siku hizi samadi naivundika kwanza hadi ipate moto.

Kunde zimekubali vizuri. Nyanya zinachanua, kisha maua yanapukutika kwa joto, nimeziacha kwanza. Mlonge niliopanda upande wa magharibi umeshanipita kimo, na kivuli chake cha alasiri kimeanza kufika kwenye sukumawiki.

Mchwa nao wanakula nyasi zangu. Hao mnawafanyaje?