Naomba ushauri: timu ya chuo ina vipaji, ila ikikutana na zoni 2-3 inakwama

Wadau wa kikapu cha vyuo Marekani, habari zenu. Timu ninayoishabikia (NCAA, chama cha michezo ya vyuo huko; wanaume) ina warefu na watupaji wazuri wa pointi tatu, lakini mpinzani akipanga tu zoni 2-3 (walinzi wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja akilinda eneo lake), mambo yanagoma. Saa ya shambulizi, yaani muda wa timu kutupa kikapuni, ni sekunde 30. Mchezeshaji anadunda mpira kule juu mpaka zinabaki 8, pasi zinazunguka nje, halafu mtu anatupa huku amekabwa. Hakuna anayeingia kwenye mstari wa mitupo huru, na pale katikati ndipo zoni hiyo huwa wazi! Inauma sana.

Je, kocha amweke pale mrefu anayejua kutoa pasi, au ajaze watu upande mmoja ili mlinzi wa pembeni abaki na wawili? Hilo la pili nalihofia: mpira ukikosa, wa kurudi kuzuia wanakuwa wachache.

Jingine ni mitupo huru. Kuanzia faulo ya 7 hadi ya 9 ya timu pinzani katika kipindi, ukikosa wa kwanza, wa pili huupati. Pointi tulizotangulia nazo zinapotelea hapo. Mazoezini watupe mmoja mmoja baada ya kukimbia, wakiwa wanahema? Mliowahi kufundisha, nielekezeni.