Hati ina jina la marehemu: nani atie saini?

Mnunuzi, Kigoma: Ndugu zangu, nakusudia kununua nyumba Ujiji ambayo hati yake bado ina jina la baba aliyekwisha kufariki. Wanawe wote wamekubali kuuza, na mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kugonga muhuri kwenye mkataba. Je, hayo yanatosha?

Jibu la kwanza: Hayatoshi, ndugu yangu. Makubaliano ya watoto, hata yakiwa ya kauli moja, hayawapi mamlaka ya kuuza. Familia ifungue kwanza mirathi mahakamani, ateuliwe msimamizi, naye aandikishwe kwa Msajili wa Hati kwa nafasi hiyo. Ndipo atakapoweza kutia saini hati ya uhamisho mbele ya wakili, na baadaye zifuate kodi ya ongezeko la mtaji (yaani ya faida ya mauzo) kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na ushuru wa stempu. Muhuri wa mtaa hauhamishi umiliki, ingawa wengi huku kwetu huuchukulia kama ndio hati yenyewe.

Jibu la pili: Umetaja wanawe tu, mjane je? Huenda nusu ya matofali hayo aliyanunua yeye. Omba pia upekuzi wa kumbukumbu za nyumba kwa Msajili, ujue kama nyumba imewekwa rehani benki, na utazame muda uliobaki kwenye hati, kwani miliki hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 99.

Mnunuzi, Kigoma: Mjane yupo, na hakuna aliyemuuliza. Sitatoa hata malipo ya awali mpaka msimamizi ateuliwe.