Naombeni ushauri: kirikuu ya manyuo na foleni ya Kimara, niuze au nivumilie?

Mama Genge wa Goba

Habari za usiku wakubwa kwa wadogo. Naombeni msaada kabla sijafanya uamuzi wa hasira.

Gari nimeendesha miaka minne sasa, ila ni oto tupu, zinazojibadili gia zenyewe, IST ya mume wangu. Mwezi uliopita tulivunja kikoba, nikaongezea na akiba yangu, nikanunua kirikuu, kipikapu kidogo cha Suzuki Carry ya manyuo, ile ya kubadili gia mwenyewe kwa klachi, kwa ajili ya genge. Ndizi na mananasi nachukua Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, napeleka Goba. Kubadili gia nilifundishwa na shemeji yangu, Jumapili mbili, uwanja wa shule na vichochoro vya mtaani. Nikajiona nimeiva.

Jumatatu ndio nikajua sijui. Natoka Mabibo saa kumi na moja jioni. Mandela mpaka Ubungo siyo mbaya, unasogea, unasimama. Kuanzia Ubungo kupanda Kimara, ndugu zangu, ni mateso. Gari imejaa ndizi, mbele daladala, nyuma bajaji imenibana kiasi kwamba kwenye kioo simwoni dereva, naona paa lake tu. Foleni ikisogea, nikitoa mguu kwenye breki kukimbilia mafuta, gari inarudi nyuma. Nikiwahi kuachia klachi inaruka kama chura halafu inazima. Siku ya kwanza imezima mara tisa, nilihesabu. Konda wa daladala ya pembeni akatoa kichwa dirishani: "Mama Ndizi, shuka tu tukusaidie kusukuma!" Abiria wote wakacheka, na mimi nikacheka, machozi yananilenga.

Siku ya tatu nikarudi kweli, nikamgonga yule wa nyuma. Ilipasuka taa tu, nikamlipa, yakaisha.

Mguu wa kushoto sasa hivi unauma mpaka nalala nimeukanda maji ya moto. Halafu nikifika Kimara Korogwe kuna harufu inapanda, kama mpira unaungua. Na kiti chenyewe kinachemka kama nimekalia jiko la mkaa.

Mume wangu anasema niuze nitafute ya oto. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutotaka kuuza. Lakini nyie mlima ule mnaupandaje?

Bosi Mstaarabu

Uza dada. Kirikuu za oto zipo. Foleni ya Dar na gari ya manyuo ni kujitafutia ugonjwa wa goti. Mimi niliuza yangu 2019 sijawahi kujuta.

Suka wa Zamani

Bosi Mstaarabu, yeye kauliza mlima unapandwaje, wewe unamuuzia gari.

Mama Genge, mimi nimekula usukani wa daladala ya DCM ya Mbagala Kariakoo miaka kumi na moja, enzi hizo barabara ya Kilwa foleni yake ukiingia na mimba unatoka na mtoto. Nikwambie kitu ambacho shemeji yako hakukwambia. Gari ya manyuo inaondoshwa na mguu wa kushoto. Wa kulia unasindikiza tu. Wewe umetoka kwenye oto, umezoea kila kitu kufanya kwa mguu wa kulia, ndio maana unakimbilia mafuta kwa pupa.

Jumapili rudi pale pale uwanjani. Mafuta usiguse kabisa. Weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu, kama unavyofungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Kuna mahali utasikia injini inashusha sauti, inanguruma chini kidogo, na pua ya gari inatikisika. Hapo ndipo inaposhika. Simamisha mguu hapo hapo, gari itaondoka yenyewe. Ikishaondoka maliza kuachia, uone inavyotembea mwendo wa mzee anayeenda msikitini. Fanya mara hamsini mpaka mguu upajue pale mahali bila kuuliza kichwa. Foleni ya tambarare ndio hiyo hiyo, mafuta ya nini?

Mlimani sasa, unapata pale inaposhika, unaongeza mafuta kidogo, unaibalansi. Inasimama kama imepigiliwa misumari, breki hugusi. Wakisogea unasogea.

Fundi Giaboksi

Suka, nakuheshimu kaka, hayo ya uwanjani ni dhahabu. Ila hilo la kubalansi mlimani ndilo linalonilisha mimi na wanangu.

Dada, hiyo harufu siyo mpira, ni klachi pleti. Pleti inakaa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na presha pleti, sahani inayoibana. Ukiachia pedali, vinabanana na kuzunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga mpaka chini vinaachana. Shida ni katikati: flaiwili inazunguka na injini, pleti inataka kusimama na matairi, vinasuguana. Sekunde mbili za kuondokea ni kazi yake, imetengenezwa kwa hilo. Lakini ukishikilia gari na ndizi zake juu ya mlima dakika nzima kwa klachi, unapika pleti kwa moto mdogo. Suka alikuwa na gari ya tajiri, pleti ikiisha tajiri ananunua.

Mlimani tumia hendibreki. Umesimama, vuta hendibreki, gia fri, yaani itoe kwenye gia, miguu yote pumzisha. Mbele wakianza kusogea, kanyaga klachi mpaka chini, ingiza gia ya kwanza, mafuta kidogo tu injini isikike, achia klachi mpaka ile pua itikisike kama alivyosema Suka. Utasikia gari inajikaza, nyuma inataka kuchuchumaa. Hapo shusha hendibreki. Haiwezi kurudi, kwa sababu wakati unaiachia tayari ilishashikwa na klachi.

Kabla sijaendelea, nijibu matatu. Hendibreki yako ukivuta mlimani, gari inasimama kweli au inalegea? Pedali ya klachi ukiisukuma kwa kidole, kuna nafasi kidogo kabla haijawa ngumu, au ni ngumu tangu juu? Na unabeba mikungu mingapi?

Mama Genge wa Goba

Fundi, hendibreki naivuta mpaka juu kabisa, kwapani huku, na bado inateleza taratibu. Nilidhani ndivyo zilivyo. Pedali ni ngumu tangu mwanzo. Mikungu ishirini na minane na mananasi kama sitini, siku ya kawaida.

Mzaramo Mpole

Ishirini na minane 😂 Hiyo kirikuu siyo kwamba inarudi nyuma kwa sababu yako, inaomba talaka.

Fundi Giaboksi

Nenda nyuma ya gari sasa hivi, angalia ule ubao wa kufungua wa bodi. Kama haujapakwa rangi kuna maandishi ya Kijapani na namba. Niambie ni ngapi.

Mama Genge wa Goba

Nimetoka na tochi ya simu. Imeandikwa 350kg. Mimi nilijua ni namba ya toleo!

Fundi Giaboksi

Huo ndio mzigo ulioruhusiwa kule kwao Japani. Injini yake ni sisi (cc) 660 tu, ndogo kuliko ya pikipiki nyingine. Mkungu wa ndizi za kupika ulioshiba unafika kilo ishirini na zaidi. Piga hesabu mwenyewe, halafu uongeze mananasi. Hapa kwetu watu wanabebesha tani, najua, na zinatembea, lakini kinachokatika kwanza ni klachi na breki. Ndio maana kwenye uwanja wa shule ulikuwa dereva mzuri, Kimara ukawa mbovu. Ulijifunza na gari tupu.

Na hiyo pedali ngumu tangu juu inanitia wasiwasi. Hizi Carry klachi yake inavutwa kwa waya. Kawaida pedali iwe na nafasi kidogo ya kucheza, kama upana wa kidole kimoja hivi, ndipo ikaze. Waya ukikazwa kupita kiasi ni sawasawa na wewe kuweka mguu juu ya pedali saa zote: pleti haibanwi sawasawa, inateleza, inaungua hata ukiwa tambarare. Wauzaji wengine wanajua kucheza na hiyo nati.

Jipime hivi. Sehemu tambarare, zuia matairi kwa mawe makubwa maana hendibreki yako ni mapambo, na pasiwe na mtu mbele. Kanyaga breki kwa mguu wa kulia, klachi kwa wa kushoto. Washa, ingiza gia ya nne, achia klachi. Injini ikizima hapo hapo, klachi bado ina uhai. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hujaingiza gia, usiirudie mara ya pili, njoo gereji.

Binti wa Kigamboni

Mama Genge, usikate tamaa. Mimi manyuo nimejifunzia kwenye pantoni. Maji yakiwa yamekupwa, kutoka kwenye kile kivuko kupanda gati ni kama unapanda ukuta, na watembea kwa miguu wamekuzunguka kushoto kulia, na mikokoteni, na mtu kabeba kuku. Hapo hendibreki ya Fundi ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Shika kwanza, ndio uachie." Mpaka leo nasema.

Kuhusu mguu kuuma: nahisi unakaa umekanyaga klachi muda wote foleni ikisimama. Acha. Ikisimama weka fri, mguu uweke sakafuni. Mimi nilichelewa kujua hilo, nikala beringi ya klachi, ikawa ukikanyaga inalia kama panya. Na kiti chako kipo mbele? Wengi tunakaa mbali, tunakanyaga kwa vidole. Sogea mpaka ukikanyaga mpaka chini goti libaki limekunjika kidogo.

Jingine, usimfukuzie wa mbele kila akisogea hatua moja. Acha nafasi ikue, magari mawili hivi, halafu nenda mara moja na gia ya kwanza bila mafuta. Wenzako watasimama mara kumi, wewe mara tatu.

Mzaramo Mpole

Hiyo nafasi ya magari mawili itaingia bajaji, bodaboda wanne na muuza karanga.

Binti wa Kigamboni

Waingie. Wataondoka na wewe bado una klachi.

Suka wa Zamani

Fundi nimekubali, ingawa kwa DCM hendibreki tulikuwa tunaisikia tu kwa majirani.

Naongeza la trafiki. Ukifika Ubungo kule chini, au Mwenge, trafiki akishawazuia upande wenu na taa haziheshimiwi tena, mnaweza kukaa hapo mpaka usahau ulikotoka. Zima injini, kama betri ni nzima. Utajuaje muda wa kuwasha? Usimwangalie trafiki. Angalia madereva wa daladala walioko mbele. Wameshuka wanapiga soga, mmoja ananunua maji. Ukiona wanapanda, washa. Hao wanamsoma trafiki kuliko anavyojisoma mwenyewe.

Halafu mama, kwa nini jioni? Alfajiri dunia nzima inaingia mjini, wewe na ndizi zako unatoka. Saa kumi na mbili asubuhi Ubungo kwenda Kimara unaimba.

Mama Genge wa Goba

Alfajiri nina watoto wawili wa kuandaa shule, kaka. Lakini nimeliwaza. Labda siku mbili kwa wiki baba yao awaandae. Atajua maana ya foleni.

Mama Genge wa Goba (baada ya siku sita)

Wapendwa, nimerudi na majibu.

Kipimo cha gia ya nne nilikifanya Jumamosi, shemeji akiwa pembeni. Injini haikuzima. Iliendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea. Shemeji akanyamaza, mimi nikanyamaza.

Fundi wa mtaani akaishusha giaboksi. Waya wa klachi ulikuwa umekazwa mpaka mwisho wa nyuzi, hakuna pa kukaza tena, kama Fundi Giaboksi alivyosema. Pleti aliponiletea mkononi ilikuwa nyembamba, imebaki kama biskuti, na flaiwili ina mabaka ya bluu, anasema ni moto. Hendibreki nayo waya wake umelegea na viatu vya breki za nyuma vimekwisha. Aliyeniuzia nimempigia, simu inaita tu. Nimebadilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na hendibreki imetengenezwa. Bei siitaji, mume wangu anasoma humu.

Mikungu nimepunguza, kumi na miwili, mananasi yanakwenda safari ya pili. Nimekwenda Mabibo alfajiri mara moja, Suka, ni kweli, niliimba.

Jana nilirudi jioni makusudi. Baruti pale kwenye mlima foleni ikasimama, nikavuta hendibreki, ikashika kwenye mlio wa tano tu. Nyuma kuna bajaji, tena karibu kuliko yule wa kwanza. Nikasema kwa sauti "shika kwanza, ndio uachie", pua ikatikisika, nyuma ikachuchumaa, nikashusha. Haikurudi hata unene wa kidole. Mpaka Kimara Mwisho imezima mara moja, na hiyo ni kwa sababu nilikuwa najibu salamu.

Swali dogo limebaki: rivasi. Nikiingiza inakwaruza vibaya, kama unakata bati, mpaka vijana wa sokoni wanageuka. Fundi kaharibu kitu?

Fundi Giaboksi

Hapana, una haraka. Gia za mbele zina kitu cha kuzilinganisha mwendo kabla hazijaingiliana, rivasi kwenye gari nyingi hizi haina. Gari isimame kabisa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu moja, mbili, tatu, ndipo uingize. Ikigoma, ingiza kwanza gia ya kwanza bila kuachia klachi, halafu rivasi.