Wauza spea wa Dodoma, rejeta za Prado za zamani mnaziuza kwa kukadiria na sisi ndio tunaopasua hedi

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "gari linachemsha nifanyeje". Humu aliyechemsha ni muuza spea.

Nina Prado ya zamani, KZJ95, injini 1KZ-TE, gia otomatiki. Mnaozijua hamhitaji maelezo: dizeli ya turbo, lita tatu, bloku ya chuma na hedi (kile kichwa cha injini) ya alumini. Mashine tamu sana, lakini haitaki joto. Ikizidiwa vizuri mara moja tu, hedi inapasuka, na hapo unaanza kupiga hesabu kama utengeneze au uuze gari kwa vipande. Kwa hiyo kwenye gari hii rejeta si kitu cha kununua kama unanunua balbu ya taa ya nyuma.

Rejeta yangu ya zamani ilianza kuvuja pale tangi la plastiki la juu linapobanwa na alumini. Umri huo. Plastiki ikikaa kwenye joto miaka mingi inatoka kwenye weusi inaenda kwenye ukahawia, inakauka, halafu rasta za barabara za huku kwetu zinamalizia kazi. Mimi shughuli zangu ni za visima, nashinda barabara za Mpwapwa na Kibakwe na mabomba juu ya keria na mafundi wamejaa ndani. Nikaenda duka moja la spea hapa mjini, kubwa tu, jina silitaji kwa sababu sitaki uzi ufutwe.

Sasa angalieni. Nilikwenda na chesesi namba. Nilikwenda na jina la injini. Nilikwenda na picha za rejeta yenyewe, hadi ya tangi la chini inayoonyesha zile paipu mbili za oili ya gia. Jamaa hakuitazama hata moja. Akauliza, "Ni ile Prado ya zamani siyo, bosi?" Nikamwambia ndiyo lakini ngoja nikueleze injini. Kashamtuma kijana stoo.

Kwa wasiojua: hizi Prado za kuanzia 1996 hadi 2002 zilitoka na injini tofauti. Kuna petroli 3RZ ya lita 2.7, kuna petroli 5VZ ya lita 3.4, na kuna hii dizeli ya 1KZ. Bodi ile ile, sura ile ile. Ukishika rejeta mkononi inaweza ikakaa kwenye mabano vizuri, mdomo wa juu ukakutana na hozi, na bado ikawa si ya injini yako. Mwenye duka anapaswa kulijua hili kuliko mimi mchimba visima.

Boksi likafunguliwa mezani. Limeandikwa jina kubwa la Kijapani, lakini herufi zimefifia kama zimepigwa chapa na mashine iliyoishiwa wino. Nikatoa tepu. Ya zamani, ule unene wa sehemu ya mirija, milimita 32. Mpya, milimita 16. Nusu! Nikamwekea tepu mbele ya macho yake. Anajibu bila hata kupepesa: "Hizi ni teknolojia mpya mkuu, nyembamba lakini inapooza kuliko ile." Nikamwambia mimi napanda milima na mzigo. Akasema, mbele ya fundi wangu na kijana wake, "Ikichemsha irudishe nikubadilishie." Laki tatu na nusu ikahama mfuko.

Niwe mkweli kidogo hapa: unene peke yake hauamui kila kitu. Kuna rejeta nyembamba za alumini zilizosukwa vizuri, mirija mipana na vile vibati vya katikati vimepangwa kitaalamu, zikapiga kazi kuliko nene ya hovyo. Lakini hiyo unaiamini kwa mtengenezaji anayejulikana, siyo kwa boksi lenye wino uliofifia. Rejeta za plastiki na alumini zinauzwa kwa unene unaofahamika, 16, 26, 32, 36, na muuzaji makini anakuuliza injini na gia kabla ya kugusa rafu.

Fundi akafunga. Hapo nikaona la pili. Kava la feni halina pa kushikia. Matundu ya nati upande mmoja hayapo kabisa, upande wa pili yamepishana kama sentimita mbili. Fundi akalifunga kwa waya, na bado likaacha mwanya wa kuingiza kiganja. Mnaoona kava lile ni pambo, sikilizeni: ukiwa unakimbia lami tambarare upepo unaingia wenyewe, kava halina kazi kubwa. Ukiwa unapanda mlima kwa gia ya pili, upepo wote unaletwa na feni, na bila kava feni inavuta hewa ya pembeni iliyokwisha pata moto badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Yaani siku unayolihitaji ndiyo siku ya mlima.

Na siku ya mlima ikafika. Safari ya Iringa, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Kutoka Dodoma hadi Fufu hakuna tatizo. Mtera pale darajani joto ni la tanuri lakini mshale uko katikati. Tumepita Migori, tunaanza kupanda Nyang'oro, mshale ukaanza kunyanyuka. Geji za Toyota za miaka ile zinadanganya, mshale unakaa katikati joto likipanda na kushuka, ukishauona unatembea ujue mambo yameharibika tayari. Nikazima AC, nikafungua hita hadi mwisho na madirisha yote, watu nyuma wanalalamika wanachomwa. Nikaegesha. Injini nikaiacha ikiunguruma taratibu hadi mshale uliposhuka, ndipo nikazima. Tangi la akiba lilikuwa linatokota kama chai. Tukamaliza mlima kwa kupumzika pumzika, malori ya vitunguu yanatupita yakipiga honi.

Halafu sahau kuhusu injini, fikiria gia. Kwenye otomatiki, oili ya gia inapita ndani ya tangi la chini la rejeta kupozwa. Unapopanda taratibu na mzigo, gia inazalisha moto mwingi na moto huo wote unaingia kwenye rejeta hiyo hiyo ndogo. Na kipozeo cha ndani kikiwa cha ovyo kikatoboka, maji na oili ya gia vinachanganyika, unafungua mfuniko unakuta uji wa rangi ya waridi. Hapo gia imekwenda. Rejeta ya laki tatu na nusu inakula gia ya mamilioni.

Nimerudi dukani. Yule yule. Sasa hanijui. "Mkuu ulishaifunga, nitamuuzia nani?" Nikamkumbusha alichosema. Akanionyesha kikaratasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipoidai siku ile mashine ilikuwa "haina mtandao".

Sasa ndugu zangu wenye maduka, hilo bango lenu la hairudishwi si sheria ya nchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi: mnunuzi akikueleza kitu anakitaka kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako, na wewe hiyo ndiyo biashara yako, kitu kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza injini, gia, mzigo na milima, nina shahidi. Na boksi lenye jina la kampuni ambayo bidhaa si yake ni suala la Tume ya Ushindani, ile FCC, wanazo nguvu za kisheria dhidi ya bidhaa bandia. Picha za boksi ninazo, na barua inaandikwa.

Nirudi kwenye rejeta zenyewe, maana najua kuna mtu atauliza kwa nini sikuchukua ya shaba. Swali zuri. Shaba inapitisha joto kuliko alumini, na uzuri wake mkubwa kwa sisi wa vijijini ni kwamba ikitoboka Kibakwe, fundi mwenye jiko la mkaa na risasi anaichomelea ukaendelea na safari. Matangi yake ni ya chuma au shaba, rasta haziyapasui kirahisi. Ubaya ni uzito, bei, na zile za kichochoroni zenye risasi iliyowekwa kwa ubahili zinafunguka mishono zenyewe. Ya plastiki na alumini ikipasuka tangi porini, huna ujanja. Usije ukasikia mambo ya kutia bizari au yai, bizari hiyo hiyo itaziba mirija na ile rejeta ndogo ya hita.

Na maji jamani. Hili nalisema kwa sababu ndiyo kazi yangu. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, angalieni tu birika zenu za chai. Ule utando mweupe ndio unaojipaka ndani ya mirija ya rejeta, na mirija ya rejeta nyembamba ndiyo inayoziba kwanza. Tumieni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, au angalau maji yaliyotolewa madini. Halafu mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji matupu huku yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Kinachokuokoa ni presha ya mfuniko. Mfuniko wa bar 0.9 uliolegea raba ni wa kutupa, na kuweka wa 1.1 kwenye gari lililotoka na 0.9 ni kutafuta hozi zipasuke.

NYONGEZA: Nimesoma michango. Anayesema nitoe thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, hapana. Nilipofika Iringa niliitoa nikaichemsha kwenye sufuria, inafunguka vizuri. Wota pampu haivuji, feni inashika ikipata moto, na hedi imepimwa, hakuna gesi kwenye maji. Kilichobadilika ni rejeta tu.

Anayesema nichukue mtumba wa Japan: nimekwenda kuziona. Mbili zilikuwa na matangi ya kahawia, nikaziacha. Ya tatu ilikuwa ya gia ya kawaida, haina kipozeo cha oili, na muuzaji anasisitiza "utaweka cha pembeni".

Nilichoamua ni kurudi kwenye shaba. Natafuta fundi wa rejeta, awe Kizota, Majengo au popote hapa Dodoma, anayeweza kusuka rejeta ya shaba ya KZJ95 otomatiki, unene usipungue ule wa zamani, na vishikio vya kava la feni vikae mahali pake. Nikikosa nitatuma Gerezani, Dar, ila ningependa ninayeweza kumfuata mwenyewe ikivuja. Mwenye kumjua aweke mtaa na bei hapa hapa, siyo PM, ili na wengine waone.